Mkeka, Pumzi na Mkono wa Mkandaji: Majibu kwa Anayeanza

Mada iliyosomwa kwa wananchi katika siku ya upimaji wa afya



Mkulima akitoka shambani jioni hushika kiuno. Fundi cherehani akiinuka kwenye cherehani yake hushika shingo. Dereva wa bodaboda aliyeshinda kwenye makorongo na vumbi hushika mgongo. Na mama aliyejitwika ndoo ya maji huku mtoto yuko mgongoni hana hata mkono wa kushika panapouma. Wote hao wana wenzao wengi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 619, yaani mtu mmoja katika kila 13, walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Si ajabu, basi, kwamba mtu anaposikia redioni au kuona kwenye simu yake kuwa yoga, taamuli na masaji huondoa maumivu na kutuliza moyo, huja kuuliza. Mada hii inajibu maswali ambayo anayeanza huuliza mara kwa mara, na mwisho inajibu swali moja ambalo aghalabu haulizi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Swali la kwanza: mambo haya matatu ni nini hasa?

Taamuli ni kukaa kwa utulivu na kuituliza akili kwenye jambo moja, mara nyingi pumzi inayoingia na kutoka. Yoga ni elimu ya kale ya Bara Hindi inayounganisha mikao ya mwili, mpangilio wa pumzi na utulivu wa akili. Neno lenyewe, katika lugha ya Kisanskriti, lina maana ya kuunganisha. Masaji ni jina geni la jambo ambalo Waswahili wanalijua kwa majina mengi: kukanda, kuchua, kusugua, kusinga. Mwari wa pwani aliyesingwa kwa liwa na singo kabla ya harusi, mzee aliyechuliwa magoti kwa mafuta ya nazi, na mchezaji wa mpira aliyekandwa paja uwanjani, wote wamekwisha kupata masaji hata kama hawakuliita hivyo.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu anayeanza hudhani kwamba anaingia katika nchi ya kigeni. Masaji inayoitwa ya Kiswidi, ambayo ndiyo hufundishwa katika vyuo vingi duniani, ina mitindo mikuu mitano: kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutetemesha. Bibi yeyote aliyewahi kumkanda mjukuu wake anaijua baadhi ya mitindo hiyo pasipo kusoma chuoni.

Swali la pili: je, yoga ni ibada?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nalo lastahili jibu la wazi. Yoga ilizaliwa na kulelewa ndani ya dini na falsafa za India. Katika maandishi mashuhuri yanayohusishwa na mwanachuoni Patanjali, yoga ina matawi manane, na mikao ya mwili ni tawi moja tu kati ya hayo; mengine yanahusu mwenendo mwema, pumzi na taamuli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazoezi ya viungo yanayofundishwa leo kwa jina hilo ilichukua sura yake katika karne ya 20, kupitia walimu kama Krishnamacharya wa Mysore na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar. Mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na tangu mwaka 2015 siku hiyo huadhimishwa katika nchi nyingi.

Kwa hiyo mtu anaweza kujinyoosha na kupumua kwa utaratibu bila kutamka maneno ya sala ya dini nyingine, kama ambavyo mtu huweza kufunga kula kabla ya kipimo cha maabara bila kuwa amefunga saumu. Mwenye shaka na amuulize kiongozi wake wa dini, na amweleze kwa ukweli kitakachofanyika darasani. Halmashauri haimwamulii mtu katika jambo la imani. Mwalimu naye ana wajibu wa kueleza mapema kama darasa lake lina nyimbo au maombi, ili kila mtu achague akijua anachochagua.

Swali la tatu: je, ni lazima mtu awe mwepesi, kijana, tena mwenye vifaa?

La. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa mtoto mgonjwagonjwa aliyepitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na mwili wake ulikuwa mgumu alipoanza. Baadaye akawa mwalimu aliyejulikana dunia nzima, na mojawapo ya mambo yaliyompa sifa ni kutumia vitu vya kuegemea: mikanda, vibao, viti na blanketi, ili asiyeweza kufika chini asilazimike kufika. Hapa kwetu mkeka unatosha. Kanga iliyokunjwa huwekwa chini ya goti, mto huwekwa chini ya kichwa, na asiyeweza kuketi chini huketi kwenye kiti. Nguo iwe ya kumsitiri mtu na kumwacha apumue. Suruali za kubana zinazoonekana kwenye picha si sharti.

Anayeanza na aanze kwa dakika kumi, asubuhi kabla ya kula au saa mbili hadi tatu baada ya mlo. Alale chali, akunje magoti, nyayo zikanyage mkeka, apumue taratibu mara kumi. Kisha avute goti moja kifuani, alishushe, avute la pili. Kisha apige magoti na kushika chini kwa viganja, ainue mgongo juu kama paka anayejinyoosha, halafu aushushe taratibu. Mwisho akalie visigino vyake, ainamishe kiwiliwili mbele na kupumzika, halafu alale tena chali akiwa ametulia. Kunyooka kwa msuli kunaruhusiwa kusikika. Maumivu makali, ganzi au kizunguzungu ni amri ya kuacha.

Kusimama kwa kichwa si mazoezi ya anayeanza. Mwenye presha ya kupanda, mwenye ugonjwa wa presha ya macho na mjamzito wasijaribu kabisa. Mjamzito asilalie tumbo, na mimba ikishakuwa kubwa asilale chali kwa muda mrefu, alale ubavu.

Swali la nne: mtu afanye nini akili inapokataa kutulia?

Wengi huketi, wakafumba macho, na mara ile ile wakakumbuka ada ya shule, mbuzi aliyepotea na maneno ya jirani. Hudhani wameshindwa. Hawajashindwa, maana akili kuzunguka ni kazi yake ya kawaida. Zoezi lenyewe ni kule kutambua kwamba imetoka na kuirejesha kwenye pumzi bila kujikaripia. Anayeanza ahesabu pumzi kuanzia moja hadi kumi, kisha arudie. Akipotea kwenye nne, aanze tena kwenye moja. Dakika tano kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Utulivu huu una maelezo ya kitabibu. Mtu anapokuwa na hofu, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Anapopumua polepole na kutulia, mwili huelekea upande wa pili: mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Harvard, nchini Marekani, alichapisha kitabu kuhusu hali hiyo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya taamuli kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Lililo muhimu katika habari hiyo ni kwamba wagonjwa walijifunza taamuli huku wakiendelea kuwa chini ya uangalizi wa madaktari wao. Hawakuihama hospitali.

Wako watu wachache ambao ukimya huwafungulia mlango wa hofu: waliopitia ukatili, ajali mbaya au msiba usiozoeleka, na wenye maradhi makali ya akili. Mtu wa aina hiyo akiona hofu inazidi, afungue macho, asimame, atembee, wala asijilazimishe. Kituoni atapata mtu wa kuzungumza naye.

Swali la tano: je, yanatibu?

Jibu la haki ni kwamba yanasaidia baadhi ya mambo, kwa kiasi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba mwenye maumivu mapya ya kiuno aanze na njia zisizo za dawa, kama vile kitu cha moto na masaji, na mwenye maumivu ya muda mrefu aanze na mazoezi, yoga au mafunzo ya taamuli, miongoni mwa njia nyingine. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Mwongozo huo unataja elimu ya kujitunza, mazoezi na baadhi ya tiba za viungo ikiwamo masaji; na hauungi mkono matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno, ambayo watu wengi huinunua sokoni kwa fedha ya chakula.

Lakini hakuna mkao wa yoga unaorekebisha sukari ya damu mahali pa dawa, wala pumzi inayoua vimelea. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya presha. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Mtu mwenye 160 kwa 100 anaweza kujiona mzima kabisa. Mtu huyo akianza kutaamali, akalala vizuri, akajisikia mwepesi, hushawishika kudhani amepona na kuacha vidonge. Siku ya kiharusi hakuna anayepigiwa hodi. Kujisikia vizuri si kipimo cha presha. Kipimo ni mashine. Anayetumia dawa na aendelee nazo, afanye na mazoezi yake, na daktari ndiye apunguze dawa kama namba zimeshuka.

Swali la sita: je, masaji isiyouma haifanyi kazi?

Imani hii imeumiza wengi. Msuli unaobanwa kwa nguvu hujikaza ili kujilinda, na aliyekandwa huamka kesho yake akiwa na michubuko. Shinikizo jema ni lile ambalo anayekandwa anaweza kulipokea huku akipumua bila kukunja uso. Akisema basi, iwe basi. Mkandaji mwenye adabu hunawa mikono, hueleza atagusa wapi kabla ya kugusa, humsitiri mtu kwa kanga au shuka, na hamkandi mtoto bila mzazi au mlezi wake kuwapo. Mwili una mwenyewe, hata pale mwenyewe anapokuwa amelipa ili ukandwe.

Yapo mahali ambapo mkono usifike kabisa. Usikandwe mfupa uliovunjika au unaodhaniwa kuvunjika. Isikandwe ngozi yenye jipu, kidonda au upele wa kuambukiza. Lisikandwe tumbo la mjamzito kwa nia ya kumgeuza mtoto au kuharakisha uchungu. Kulisukuma tumbo kwa nguvu kunaweza kubandua kondo la nyuma, na hapo mama na mtoto huwa hatarini ndani ya muda mfupi. Wala usichuliwe mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu. Uvimbe huo unaweza kuwa wa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mkono unaochua unaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu.

Hapo pana jambo la kusemwa kwa heshima mbele ya akina mama na mabibi. Huduma ya kukanda iliyozoeleka kuliko zote haina kibao mlangoni. Hufanyika uani, mzazi anapokandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Ni desturi yenye upendo ndani yake: mzazi huhudumiwa, hulishwa uji na supu, hupumzishwa. Upendo huo na ubaki. Kinachohitaji kubadilika ni moto na nguvu. Mji wa mimba hujirudisha wenyewe katika muda wa wiki sita hivi, na mtoto anaponyonya husaidia kuukaza. Haungoji maji yanayochemka ili utoe damu. Maji hayo huunguza ngozi, na kwa aliyefanyiwa upasuaji kukandwa tumbo kunaweza kufumua kidonda. Tena wiki hizo sita ndizo ambazo hatari ya damu kuganda miguuni huwa kubwa. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu, yaliyojaribiwa kwanza kwa ngozi ya ndani ya kiwiko cha mkandaji, kiwekwe mgongoni na mabegani. Tumbo lipumzike. Na pedi au kitambaa kikilowa damu ndani ya saa moja, shughuli iishe hapo na safari ya kituo cha afya ianze.

Swali la saba: mtu amwendee nani?

Aanze kwenye zahanati iliyo karibu, apimwe presha, uzito na mengineyo yanayohitajika. Mwenye maumivu ya muda mrefu, aliyepooza au aliyeumia anaweza kupewa rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye amesomea viungo na mazoezi yake. Kwa anayetaka mkandaji au tabibu wa tiba mbadala, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa huduma hizo. Si kosa wala si utovu wa adabu kuomba kuona cheti cha usajili. Anayedai kwamba mkono wake unaponya kila ugonjwa, au anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, amekwisha kujitambulisha. Mtu na amuage mapema.

Sasa lile swali lisiloulizwa.

Anayeanza huuliza: nifanyeje ili maumivu yaondoke? Mara chache huuliza: maumivu haya yanatoka wapi? Aghalabu maumivu ya mgongo ni ya misuli na viungo, nayo hupungua kwa mwendo, mazoezi na muda. Lakini yapo yasiyo hivyo. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Hushambulia pia mifupa ya uti wa mgongo. Mgonjwa huanza kwa maumivu ya mgongo yasiyokoma, ambayo pengine huambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Akichuliwa wiki baada ya wiki, anapata nafuu ya saa chache, na nafuu hiyo ndiyo inayomchelewesha. Wakati huo mfupa unaendelea kuliwa, mpaka siku moja miguu inakataa kusimama. Angefika mapema angetibiwa kwa vidonge, na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hayalipiwi.

Kwa hiyo mtu na akumbuke dalili zinazotangulia mkeka na mafuta. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Mgongo unaouma baada ya kuanguka au ajali. Miguu kuishiwa nguvu. Ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja. Mkojo au haja kubwa kuzuilika au kutoka bila kujijua. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Uso kwenda upande na mkono kulegea. Mwenye moja ya dalili hizi asikandwe, asinyooshwe, wala asiambiwe apumue taratibu. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yako maradhi yanayofichwa na mtu asiyejua kwamba anayaficha, kwa kuwa kila jioni huchuliwa akalala usingizi.

Ndugu wananchi, hakuna aliyekuja kuwakataza kukandana. Mkono wa mtu wa nyumbani unaompapasa mgonjwa bega ni faraja isiyouzwa duka la dawa, na dakika kumi za mkeka asubuhi ni kinga ambayo maskini na tajiri wanaweza kuimudu sawasawa. Linaloombwa ni utaratibu tu: kwanza kupimwa, kisha kujinyoosha, kwanza kujua, kisha kukanda. Vipimo vya presha vinaendelea chini ya mwembe pale, na foleni bado ni fupi.